Mfuate paka, anajua jua liko wapi: kupiga picha za raha ndogondogo kwa simu ya kawaida (toleo la Mbeya)

Niseme mapema kabisa mimi sio mpiga picha. Nakaa Ilomba hapa Mbeya, nafanya kazi kwenye steshenari ya mtu, simu yangu ni ya kawaida sana na kioo kina ufa kwenye kona tangu iniponyoke ndani ya bajaji. Ila kuna kitu nimekuwa nakifanya karibu miaka miwili sasa, kila siku napiga picha ya kitu kimoja kidogo kilichonifurahisha siku hiyo, paka kalala, andazi la moto, ukungu unashuka mlima Loleza, basi hivyo tu. Dada yangu yuko Dar, kila nikimtumia ananiambia we mbona huko kwenu kuna raha hivyo, na mi najua huku ni baridi na matope kama siku zote haha. Watu wengine wakaanza kuniuliza unapigaje, nikawa namjibu huyu nusu na yule nusu, leo naandika yote nikimaliza nisiulizwe tena.

Kitu nilichokuja kugundua ni kwamba raha zetu za huku juu nyingi ni raha za joto. Mtu wa pwani raha yake upepo na maji ya baridi, sisi tunatafuta jua, jiko, chai, blanketi, sweta la kaka. Kwaiyo ukitaka picha inayomfanya mtu aseme aah, tafuta palipo na joto alafu piga hapo. Na kwenye nyumba yoyote anayejua joto liko wapi kuliko wote ni paka. Ndo maana nimeanza na paka kwenye kichwa cha habari.

Hatua ya 1: futa lenzi

Usiiruke hii ukaona ya kitoto. Huku kwetu mwezi wa sita mpaka wa nane kila mtu kajipaka mafuta ya mgando, midomo, mikono, kisigino, sasa vidole hivyohivyo ndo vinashika simu na kidole cha shahada kinakaa palepale kwenye lenzi. Unapiga picha inatoka ina ukungu, taa zina mistari, unalaumu simu. Simu haina kosa, ni mafuta. Futa na kitambaa safi cha pamba, upande wa ndani wa tisheti unatosha, ila kama umetoka barabarani kwenye vumbi puliza kwanza, ukisugua vumbi juu ya kioo unakikwaruza.

Na kuna ukungu mwingine ambao sio mafuta. Umetoka nje asubuhi na baridi, simu imepoa kama jiwe, unaingia jikoni kuna sufuria inachemka, mvuke unagandia kwenye lenzi maana kioo ni cha baridi na hewa ya jikoni ni ya joto na ina maji. Usihangaike kufuta, utafuta na itarudi. Subiri dakika mbili tatu ipate joto. Au piga hivyohivyo, nina picha moja ya bibi anasonga ugali ambayo lenzi ilikuwa na mvuke na ndo picha nzuri kuliko zote nilizompiga, inaonekana kama ndoto.

Asubuhi za baridi kali weka simu mfuko wa ndani karibu na mwili, betri za simu hazipendi baridi, utaona ina asilimia 20 alafu inazima ghafla ukiwa ndo umepata pozi.

Hatua ya 2: ujue jua la huku

Mbeya tuko mbali magharibi kuliko Dar lakini saa tunatumia moja, kwaiyo jua letu linachelewa kama dakika 20 na ushee. Mwezi wa sita Dar wanaliona kwenye saa 12 na nusu asubuhi, sisi linatoka saa 1 kasoro kidogo, na jioni linazama saa 12 na nusu na dakika zake. Mwezi wa 12 linaenda mpaka saa 1 jioni hivi. Nasema hivi kwa sababu mwanga mzuri, ule wa rangi ya asali, uko kwenye nusu saa ya kwanza na nusu saa ya mwisho, na huku karibu na ikweta hauchezi, jua linashuka kama limetupwa. Ukisema ngoja nimalizie kufua ndo nipige, umeukosa.

Mchana wa saa 6 mpaka saa 8 jua liko utosini, kila kitu kina kivuli kibaya, mtu macho meusi, chapati inang'aa mafuta tu. Mda huo ingia ndani. Simama mlangoni au karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mwanga wa hapo ni laini na ni wa bure. Siku ya mawingu ndo usiseme, mawingu yanautawanya mwanga wa jua lote, na Mbeya mawingu hayana uhaba. Watu wanasikitika kumefunga, mimi natoka na simu.

Hatua ya 3: paka

Paka wangu anaitwa Kiazi. Ana rangi ya kiazi cha kuchemsha kilichomenywa vibaya, nyeupe na kahawia. Kila siku asubuhi kama saa 2 kasoro jua linaingia dirisha la sebuleni, linaanza na kipande kidogo sakafuni kama upana wa sahani, na Kiazi anakuja analala humohumo ndani ya sahani. Kipande kinasogea na yeye anasogea. Saa 3 yuko juu ya kochi, saa 4 yuko kwenye kikapu cha nguo safi, ambapo mimi na yeye tunagombana. Sikuwahi kumtafutia sehemu ya kumpiga picha hata siku moja, namfuata tu na nakuta mwanga umeshapangwa.

Sasa kosa la watu wengi, wanasimama wima wanampiga paka kutokea juu, anatoka kichwa kikubwa mgongo hauonekani kama amegongwa na gari. Shuka chini. Lala kabisa kwa tumbo kama sakafu ni safi (kama sio safi tandika khanga), simu iwe usawa wa macho yake. Kuna ujanja mmoja mdogo, igeuze simu kichwa chini miguu juu ili lenzi iwe upande wa chini karibu na sakafu, unapata usawa wa paka bila hata wewe kulala sana. Alafu tumia kitufe cha sauti kupigia, simu nyingi kinakubali, maana kugusa skrini ukiwa umejipinda hivyo ndo simu inatikisika.

Gusa kwenye jicho la paka kwenye skrini. Simu ikishapata jicho kali vingine vikififia haina shida, ila pua ikiwa kali jicho likafifia hiyo picha haina mtu. Simu nyingi ukigusa na kushikilia kwa sekunde kama mbili inafunga fokasi na mwanga hapohapo, inakuwa haihangaiki tena.

Usimwamshe! Ukimwita jina anakuja kunusa simu, na utapata picha 14 za pua. Kama unataka aangalie, chakacha mfuko wa plastiki taratibu, sauti ile ya mfuko wa dagaa, sikio litageuka kwanza na jicho ndo litafuata. Hapo kandamiza kitufe cha kupiga na ukishikilie, simu nyingi zinapiga mfululizo mpaka uachie (nyingine unatakiwa ukivute pembeni, nyingine inaanza kurekodi video, jaribu yako ujue). Utatoka na picha 20, moja ndo yenyewe. Lakini ukimdanganya na mfuko mara tatu bila dagaa, ya nne hageuki, Kiazi ana kinyongo aisee. Mpe hata mmoja.

Flashi zima kabisa, zima na usahau. Nyuma ya jicho la paka kuna tabaka linalorudisha mwanga kama kioo, ndo linamsaidia kuona usiku, sasa ukimpiga flashi linarudisha yote na unapata macho mawili ya kijani kama ya jini, na mwenyewe umemshtua. Picha ya kwanza niliyomtumia dada ilikuwa ya hivyo, akanijibu "mdogo wangu hicho ni nini".

Hatua ya 4: mbwa, hasa akiwa mweusi

Mbwa sina, nina wa jirani anaitwa Bosi, mweusi tii, kazi yake kulinda geti ambalo halifungi. Mbwa ni rahisi kuliko paka kwa sababu anataka kupendwa, shida ni hatulii, kwaiyo mpige akishachoka. Jioni akishazunguka na watoto analala kwenye jivu la jiko la mkaa lililozimika, lina joto bado. Unaona? Joto tena.

Tatizo la mnyama mweusi ni kamera yenyewe. Simu ikiona kitu cheusi kimejaa kwenye picha inafikiri kuna giza, inaongeza mwanga, mbwa anatoka kijivu kama kamwagiwa unga na nyuma yake panaungua kuwa peupe. Gusa juu yake alafu pembeni kitatokea kialama cha jua au kimstari, kivute chini taratibu mpaka weusi urudi kuwa weusi. Alafu msubiri ageuze kichwa kuelekea kwenye mwanga, kile kidoa cheupe kikitokea ndani ya jicho ndo piga. Bila kile kidoa mbwa mweusi anakuwa shimo lenye masikio.

Kinyume chake ni ukungu, nitafika huko.

Hatua ya 5: vitafunio, na hapa nakaa kidogo

Hapa ndo penyewe. Kuna mama anachoma maandazi karibu na soko la Mwanjelwa, nampitia kila siku kabla ya kazi. Siku ya kwanza nataka kupiga nilikaa kwenye benchi, nikaweka kikombe hapa, nikasogeza sahani kule, nikageuza kijiko, nikasimama, nikakaa. Mama ananitazama tu.

"Shikamoo mama, samahani napiga picha kidogo."

"Marahaba mwanangu. Piga, ila andazi likipoa sirudishi kwenye mafuta."

Na kweli likapoa. Picha ikatoka safi na haina maana yoyote, andazi limekaa kama liko kwenye kalenda ya benki. Kesho yake nikala kwanza. Nikamega nusu, ndani kunatoka mvuke, vidole vyangu vina mafuta, nikapiga kwa mkono mmoja ile nusu iliyobaki. Hiyo ndo dada aliipenda mpaka akasema anasikia harufu ya iliki. Tangu hapo nina sheria, kwanza onja, kitu kilichomegwa, kilichong'atwa, kilichomwagika kidogo kwenye kisosi, kina mtu ndani yake.

Mvuke sasa, maana wengi wananiuliza huu. Mvuke hauonekani kwenye picha kama mwanga unatoka mgongoni kwako. Unatakiwa mwanga utoke nyuma ya kikombe au ubavuni, na nyuma ya kikombe pawe peusi, mlango wa giza, ukuta wa masizi, sweta jeusi la mteja aliyekaa mbele. Vibanda vyetu vina faida hiyo, ndani giza na jua linaingia kwa upande mmoja tu. Kaa upande wa ndani uangalie nje kidogo, kikombe kiwe kati yako na mwanga, gusa kwenye mvuke, punguza mwanga kidogo, piga nyingi maana mvuke haujirudii. Na uwahi, baridi ya huku inasaidia mvuke uonekane mwingi lakini chai yenyewe haikai na moto.

Angle inategemea chakula. Kitu bapa kama chapati, mayai ya kukaanga, sinia la wali wa Kyela na maharage, piga kutoka juu moja kwa moja, ila angalia kivuli cha mkono na simu yako kisiangukie kwenye sahani, zunguka meza mpaka kitoke. Kitu chenye kimo kama kikombe, maandazi yaliyopangwa, mkungu wa ndizi, shuka mpaka usawa wake. Vingine vyote kaa kama unavyokaa ukila, mtu akiona anahisi yeye ndo kakaa hapo.

Parachichi (tunazo mpaka tunagawa, ukienda Rungwe na Njombe ndo usiseme) ni zuri kwenye picha ila lina haraka. Ukilikata hewa inaanza kulifanya kahawia ndani ya mda mfupi, kwaiyo panga kila kitu kwanza, mkate, chumvi, mwanga, ndo ukate mwisho. Kama unachelewa kamulia ndimu juu, inazuia weusi kwa mda na ndo tamu zaidi pia.

Mahindi ya kuchoma ni ya jioni. Usiyapige mchana, makaa yanaonekana majivu matupu. Subiri jua likishazama tu, kagiza kanaingia lakini mbingu bado ina bluu kidogo, makaa yanawaka mekundu na uso wa mchomaji unapata mwanga wake kutokea chini. Gusa kwenye makaa ili kamera isiongeze mwanga ikayaunguza, shikilia simu kwa mikono miwili na kiwiko ukikandamize ubavuni, pumua nje ndo upige. Usivute zumu ya vidole, ile haisogezi lenzi inakata tu picha na kuikuza, sogea na miguu. Na mchomaji akipuliza cheche ndo hapo hapo.

Taa za vibandani usiku zina rangi zake, nyingine njano nyingine bluu ya hospitali, wali unatoka kama umeugua. Kama huna la kufanya omba ukae karibu na jiko. Au usipige, kula tu.

Hatua ya 6: mji

Mji usiupige wote. Watu wanapanda sehemu ya juu wanapiga Mbeya nzima, mabati, mabati, mlima, alafu hakuna anayeangalia mara mbili. Chukua kitu kimoja unachokipita kila siku. Mimi nina kituo changu cha bajaji, nina ngazi moja Uhindini, nina fundi viatu Mafiati mwenye mwavuli wa rangi saba. Fundi nimempiga zaidi ya mara 40, mvua, jua, vumbi, siku alipobadilisha mwavuli nilisikitika kama nimefiwa.

Loleza ndo mlima wetu, uko kaskazini ya mji, umekaa juu ya mabati kama mama kaegemea ukuta. Una tabia yake na jua. Mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini, kwaiyo mchana linakuwa upande wa nyuma ya mlima ukiuangalia kutoka mjini, mlima unakuwa bapa na wa kijivu. Mwezi wa 11 mpaka wa kwanza jua linapita kusini, linaupiga usoni, na mvua zimeshauosha, unaona kila bonde. Mvua ikikatika kama saa 10 jioni, acha unachofanya, toka nje. Hewa imeoshwa, vumbi hakuna, mlima unaonekana kama umesogea karibu usiku mmoja.

Na baada ya mvua kuna madimbwi, jamani madimbwi! Barabara zetu za mtaani hazijawahi kutunyima. Inama, weka simu karibu kabisa na maji (kichwa chini miguu juu kama kwa paka, lenzi iwe chini), utapata mji mwingine umepinduliwa, bajaji mbili zimeshikana matairi. Angalia tu lori lisikupitie, mimi nimeogeshwa mara mbili na nguo za kazi.

Ukungu sasa. Kamera ikiona weupe mwingi inafikiri kuna mwanga mkali, inapunguza, ukungu unatoka mchafu kama maji ya kufulia. Hapa fanya kinyume cha mbwa mweusi, gusa alafu vuta kile kijua juu kidogo. Na weka kitu kimoja chenye rangi mbele, mtoto wa shule na sweta, kapu la nyanya, bajaji. Ukungu peke yake ni karatasi tupu.

Nilienda Iringa kumsalimia shangazi nikajaribu hukohuko. Mji wao uko juu ya mlima, bonde la Ruaha Mdogo liko chini, ukipanda jiwe la Gangilonga jioni unaona mji wote umekaa miguuni, upepo utakaovua kofia. Nilipiga picha za machweo kama kila mtu. Zimekaa tu kwenye simu. Ninayoirudia ni moja niliyompiga shangazi mlangoni kwake, kavaa sweta mbili, kashika kikapu cha milulu anakifukuzia kuku, ananisalimia Kihehe, "Kamwene, pita ndani baridi hii".

Hatua ya 7: omba

Fupi lakini muhimu. Mtu akiwa ndo picha yenyewe, salimia kwanza alafu omba. Akikataa sema asante nunua unachonunua uondoke. Watoto wa watu muulize mzazi. Vibanda, mkono unaokanda unga, mgongo, mvuke, hivi huwa watu hawana neno ila bado sema. Kambi za jeshi, polisi na sehemu za serikali zenye walinzi usinyooshe simu kabisa hata kama kuna paka mzuri ukutani (alikuwepo, niliumia). Stesheni ya TAZARA napenda lile jengo kwa roho yote, kubwa, lina ukimya wake siku isiyo na treni, ila niliuliza kwanza mlangoni.

Hatua ya 8: chagua, futa, usiremberembe

Jioni nakaa kitandani na blanketi, Kiazi miguuni, nachagua MOJA ya siku. Zingine nafuta hapohapo, ukisema utafuta kesho simu itajaa na utaanza kufuta hovyo ukiwa kwenye haraka. Kwenye kuediti nafanya vitatu basi, nanyoosha kama imelala upande, nakata pembeni kama kuna mguu wa mtu, naongeza au kupunguza mwanga kidogo. Filta za kung'arisha siweki. Zile zinaifanya Mbeya kama Zanzibar, mbingu ya bluu kali, ngozi ya kila mtu kama plastiki, na ile baridi yetu inapotea.

Alafu andika maneno mawili chini, tarehe na kitu ambacho picha haiwezi kusema. "Andazi la mia mbili, la pili nimepewa bure." Miezi sita mbele ndo utashukuru.

Hatua ya 9: zitunze, mimi niliumia

Mwaka jana simu iliingia kwenye ndoo ya kufulia. Nilikuwa nampiga Kiazi kakaa ukingoni mwa ndoo, nikasema akitumbukia nitapata picha ya mwaka. Aliyetumbukia nikawa mimi na simu. Nikaiweka kwenye mchele, ambao hausaidii chochote kumbe, nikaipeleka kwa fundi, akakaa nayo wiki mbili akanirudishia ikiwa inawaka ila ndani tupu. Miezi minane imeenda, bibi anasonga ugali, mwavuli wa zamani wa fundi viatu, vyote.

Zilizobaki ni zile nilizokuwa nimemtumia dada kwa WhatsApp, akanirudishia moja moja usiku kucha, na zimepungua ubora maana ukituma kawaida picha inabanwa. Ya bibi ilikuwemo, Mungu mkubwa. Kwaiyo sa hivi nafanya hivi, kila Jumapili nikiwa na bando la bei rahisi la usiku napandisha picha 7 za wiki kwenye akaunti yangu ya mtandaoni, saba tu hazili bando, na dada namtumia kama faili (unaenda kwenye alama ya kuambatanisha, unachagua dokumenti) ili ifike nzima. Mwisho wa mwezi nahamishia kwenye kompyuta ya kazini kwa ruhusa ya bosi, bosi mtu sio bosi mbwa.

Hatua ya 10: safisha chache

Wazee wetu walikuwa wanasema kwenda kusafisha picha na mimi bado nasema hivyo ingawa siku hizi hakuna cha kusafisha. Kila baada ya miezi mitatu natoa kama 10 kwenye karatasi. Usiogope kwamba simu yako haina megapiseli, picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji kama piseli 1200 kwa 1800 tu, ni megapiseli 2 na kidogo, hata simu yangu ya ufa inazo. Ila pelekea mwenye studio faili lenyewe, sio ulichorushiwa kwenye grupu, na mwambie asiing'arishe, maana huwa wanang'arisha bila kuulizwa, bibi alinirudia mweupe nikarudisha.

Zigawe kwa wenyewe. Fundi viatu yake kaibandika kwenye sanduku la gundi. Jirani picha ya Bosi kaiweka sebuleni karibu na ya harusi. Mama maandazi nilimpelekea ile ya nusu andazi na mvuke, na nyingine ya mikono yake inakata unga, nimeziweka kwenye bahasha kabisa. Akafuta mikono kwenye khanga, akaziangalia, akazigeuza nyuma, akaangalia tena ile ya andazi, akanishukuru kwa Kinyakyusa.

"Ndaga fijo mwanangu. Sasa hili si ulishang'ata?"

"Ndio mama."

"Haya. Na yule paka wako unayempigaga, huna yake hapo?"

Nikawa nayo, Kiazi kakodoa macho, ile ya mfuko wa dagaa. Akaichukua akaibandika kwa gundi ya unga juu ya gunia la ngano, macho yanaangalia chini. Anasema panya wamezidi. Imekaa mwezi wa tatu sasa, imeingia mafuta pembeni, na panya bado wapo.